Majeshi ya kigeni yakiingia nchi ya watu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara barazani Ujiji

Nilifundisha historia na uraia katika shule za Kigoma na Tabora hadi nilipostaafu. Siku hizi kila bunduki zinapolia ng'ambo ya ziwa, baraza langu hapa Ujiji hujaa: wanafunzi wa kidato cha tano, wavuvi wa Kibirizi, vijana wa bodaboda, na mama mmoja muuza mawese ambaye hukaa kimya saa nzima halafu huuliza swali moja tu: "Wakishamaliza, nani anafagia?" Nimeandika hapa maswali yanayojirudia na majibu niliyoyatoa, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya watu kwenda zao. Swali la yule mama sijalitengea nafasi yake peke yake, maana limo ndani ya yote.

Kuingilia kijeshi na kuvamia si jambo moja?

Inategemea nani anasimulia. Anayeingia husema amekuja kusaidia. Aliyeingiliwa husema amevamiwa. Mwanakijiji aliye katikati husema askari wamekula mbuzi wake. Mimi hutumia maana nyepesi: jeshi la nchi moja likivuka mpaka na kutumia silaha ndani ya nchi nyingine, kwa sababu yoyote ile, limeingilia kijeshi. Kama ilikuwa haki au dhuluma ni swali la pili, na sijawahi kuona likijibiwa vizuri siku ya kwanza.

Sheria inaruhusu?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, ibara ya 2(4), unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Imeachwa milango miwili: kujilinda ukishambuliwa, ambayo ni ibara ya 51, na kibali cha Baraza la Usalama. Wengi huongeza wa tatu, yaani kualikwa na serikali ya nchi husika. Umoja wa Afrika nao uliweka mlango wake: Sheria ya kuuanzisha, iliyopitishwa Lomé mwaka 2000, katika ibara ya 4(h) inaupa Umoja haki ya kuingia nchi mwanachama penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu. Wazee wa OAU, umoja uliotangulia huu wa sasa, wasingethubutu kuandika maneno hayo. Kuyatumia ndiyo kazi, kama utakavyoona kwenye swali la Burundi.

Mbona sisi wenyewe tulimng'oa Amin? Ile haikuwa kuingilia?

Ilikuwa. Swali hili hunipa raha na tabu kwa pamoja, maana mimi nilikuwa kijana wakati ule, na jirani yetu mmoja alichukuliwa na mgambo akaenda hadi Kampala.

Chanzo hakina utata. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin liliingia Kagera, likaua, likapora ng'ombe, likavunja daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile ni ya Uganda. Novemba 2 Nyerere akalihutubia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Kumfukuza mvamizi kutoka Kagera ni kujilinda, hata mwanasheria wa Amin asingepinga. Ila jeshi letu halikusimama mpakani. Liliendelea, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Hapo tulivuka mstari mwingine: tuliondoa serikali ya nchi jirani.

Kwenye mkutano wa OAU Monrovia, Julai 1979, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi. Sisi darasani tulifundishwa kuwaona kama watetezi wa nduli Amin. Leo nikiwasoma tena naona hoja yao ilikuwa na uzito: tukikubali kwamba mwenye haki anaweza kumng'oa jirani, kesho kila mwenye bunduki atajiita mwenye haki. Lakini naona pia kilichokosekana katika hoja yao. Waganda walikuwa wameuawa kwa miaka minane na OAU haikufanya lolote. Amin aliwahi hata kuwa mwenyekiti wake.

Kwa hiyo mimi nasema tulikuwa na haki ya kwenda. Shida yangu ni yaliyofuata. Yusufu Lule, rais wa kwanza wa Uganda baada ya Amin, alikaa madarakani siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba 1980 ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, rafiki yetu aliyeishi kwetu miaka yote ile, na walioshindwa walisema kura zimeibwa. Jeshi letu lilikuwa bado liko kule. Februari 1981 Museveni akaingia msituni, Luwero, kaskazini mwa Kampala, ikawa makaburi, na vita havikuisha mpaka Januari 1986. Mtu akiniambia Tanzania haihusiki na Luwero, namwambia hatukufyatua risasi ile, lakini nyumba tuliifungua sisi na ufunguo tulimkabidhi mtu tuliyemchagua.

Na gharama? Inakadiriwa vita vilitugharimu takriban dola milioni 500, nchi ambayo tayari ilikuwa imebanwa na bei ya mafuta. Mwalimu alituomba miezi 18 ya kufunga mikanda. Miezi ile ilirefuka. Nakumbuka tukifua nguo kwa majani ya mpapai, na foleni ya sukari kwenye duka la ushirika ikianza alfajiri. Sijawahi kumsikia mtu wa rika langu akisema tusingeenda. Ila sijamsikia pia akisema tuliambiwa bei kabla.

Wazungu waliwahi kupigana hapa hapa kwetu?

Ndiyo, na watoto wengi wa Kigoma hawajui kwamba waliwahi kutawaliwa na Ubelgiji.

Kwanza Wajerumani. Tabora, mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga kwa miaka kadhaa. Januari 1893 ngome yake ilipoingiliwa, alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Wajerumani wakaweka utawala wanaoupenda. Huo ni mtindo wa zamani kuliko redio: mgeni mwenye bunduki huwa hakosi mwenyeji mwenye ugomvi na ndugu yake.

Kisha ikaja vita kuu ya Wazungu. Mwishoni mwa Julai 1916 jeshi la Congo ya Kibelgiji liliingia Kigoma, na Septemba 19 likaichukua Tabora chini ya Jenerali Charles Tombeur. Maofisa walikuwa Wabelgiji, askari walikuwa Wakongo, na mizigo ilibebwa na watu waliokamatwa vijijini pande zote mbili za ziwa. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na kuhara zaidi kuliko kwa risasi. Hawakuwa na ugomvi na yeyote. Tombeur baadaye alipandishwa kuwa mtu wa ukoo bora kwao, na jina lake likaongezwa "de Tabora". Mnyamwezi mmoja niliyefundisha naye alikuwa akisema: mji ni wetu, cheo ni chake.

Wabelgiji walikaa hadi 1921, walipowaachia Waingereza eneo hili na wao kubaki na Ruanda-Urundi. Lakini angalia walivyoondoka. Katika makubaliano ya mwaka huo huo walijipatia sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Milele! Tulipokaribia uhuru serikali ya Nyerere ililikataa jambo hilo kwa hoja ambayo mpaka leo naipenda: Mwingereza alikabidhiwa nchi hii kwa muda, na aliyepewa kwa muda hawezi kupangisha milele.

Kwa hiyo nikiambiwa jeshi fulani "limeshaondoka", huwa nauliza limeacha mkataba gani mezani.

Ni kweli Che Guevara alipita Kigoma?

Kweli. Aprili 1965 alivuka ziwa usiku kutoka hapa hadi Kibamba, upande wa Congo, kuwasaidia waasi wa mashariki. Wacuba zaidi ya mia moja walimfuata kidogokidogo. Walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu, yeye akawa Tatu. Watani wa hapa husema alipaswa kujua mapema, maana mgeni siku ya tatu hupewa jembe.

Naitaja safari ile kwa sababu vijana wengi wana fulana yake na wanaamini kuingilia kubaya ni kule kwa mabeberu tu. Mabeberu walikuwepo kweli: Novemba 1964 makomando wa Kibelgiji waliteremshwa Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa ndege za Marekani, na mamluki wa Mike Hoare walikuwa wakipigania serikali ya Kinshasa. Che alikuja kwa nia safi kuliko hao. Alikuta wapiganaji wasioelewana naye lugha, makamanda wasiofika mstari wa mbele, na viongozi ambao, kwa malalamiko yake mwenyewe, walipenda mno starehe za Kigoma. Novemba aliondoka kwa njia ile ile. Mwenyewe aliandika kwamba ilikuwa historia ya kushindwa.

Mmoja wa viongozi wale alikuwa Laurent-Désiré Kabila. Miaka 32 baadaye aliingia Kinshasa akiwa nyuma ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Hilo nalo tutalifikia.

Mwaka 1964 tuliwaita Waingereza wenyewe. Ukialikwa, si basi?

Januari 20, 1964 askari waliasi Dar es Salaam, na siku ya pili yake wenzao wa Tabora wakafuata. Januari 25 makomando wa Kiingereza, waliotoka kwenye meli ya kivita, wakazima maasi kwa ombi la serikali. Kisheria hapana doa. Kisiasa ilikuwa aibu kubwa: miaka miwili na kitu baada ya kushusha bendera yao, tunawaomba warudi watunyang'anye bunduki askari wetu wenyewe. Nyerere hakuificha aibu ile. Aliitisha mkutano wa OAU Februari, Waingereza wakaondolewa haraka, nafasi yao ikashikwa na askari wa Nigeria, na Septemba 1 JWTZ ikazaliwa.

Huo ndio mfano wangu wa mwaliko uliofanywa vizuri: kazi moja, muda mfupi, na mwenyeji anayeona haya. Serikali isiyoona haya ikialika jeshi la kigeni, mara nyingi imewaalika dhidi ya watu wake.

Si afadhali basi kila mtu akae kwake?

Waliokaa kwao mwaka 1994 waliiacha Rwanda. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari wapatao 2,500 pale Kigali na kwingineko. Askari kumi wa Kibelgiji walipouawa Aprili 7, Ubelgiji iliondoa kikosi chake, na Aprili 21, watu wakichinjwa kila siku, Baraza la Usalama likaamua wabaki 270 tu. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kila aliyenyoosha mkono alilala usingizi wake.

Halafu Juni Ufaransa ikaingia kusini magharibi mwa Rwanda kwa kibali. Iliokoa watu, hilo siwezi kulikana, na wauaji wengi walipita mlango ule ule kwenda Zaire, yaani Congo ya leo, na silaha zao. Wakajikusanya kwenye kambi za Goma na Bukavu. Kambi zile ndizo zilizokuwa sababu ya vita vya 1996.

Libya je?

Machi 17, 2011 Baraza la Usalama liliruhusu raia walindwe. Nchi tatu za Afrika zilizokuwemo, yaani Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, zilipiga kura ya ndiyo. Kibali cha kulinda raia wa Benghazi kikageuka kuwa ndege za NATO juu ya vita vya kumwondoa Gaddafi, aliyeuawa Oktoba 20. Mwaka uliofuata silaha na wapiganaji kutoka Libya walikuwa kaskazini mwa Mali. Libya yenyewe ikagawanyika kuwa na serikali mbili.

Gaddafi simlilii. Aliwahi kumpelekea Amin wanajeshi wa kupigana na sisi. Lakini madhara makubwa ya Libya ni kwamba neno "kulinda raia" limechafuka. Siku likihitajika kweli, nani ataliamini?

Congo: mbona majeshi hayaishi kuingia na vita haviishi?

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Mwaka 1996 Rwanda na Uganda ziliingia Zaire pamoja na kundi la Kabila. Sababu ya Rwanda ilikuwa na ukweli ndani yake, wauaji walikuwa kweli kwenye zile kambi. Mei 17, 1997 Rais Mobutu wa Zaire alikuwa hayupo tena. Agosti 1998 Kabila akagombana na waliomleta, nao wakarudi. Zimbabwe, Angola na Namibia zikaja kumtetea. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, marafiki waliokuja pamoja, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita katikati ya mji wa Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Nikifundisha kipindi hicho nilikuwa naweka chaki chini. Mwanafunzi ataelewa nini zaidi?

Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka katazo la kutumia nguvu, na kwamba kule Ituri ilikuwa mkaliaji aliyepaswa kuzuia mauaji na uporaji wa madini. Februari 2022 ikaamuliwa ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65. Huyo ni jirani mmoja, kwa sehemu tu ya hasara, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Lakini angalau ufagio uliwekewa bei.

Na sisi tumo. Machi 2013 Baraza la Usalama liliunda brigedi ya mashambulizi kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania, James Mwakibolwa. Kufikia Novemba waasi wa M23, kundi la mashariki mwa Congo, walikuwa wameshindwa. Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini kilichoahidiwa kufuata, yaani serikali kufika vijijini, wapiganaji kupewa maisha mengine na majirani kuacha kuchochea, hakikuja kwa kasi ya mizinga. Desemba 2017 wanajeshi wetu zaidi ya kumi waliuawa usiku mmoja kwenye kambi yao Semuliki. Mwishoni mwa 2021 M23 walirudi, na Januari 2025 wakaichukua Goma, wakiwa na jeshi la Rwanda nyuma yao kwa mujibu wa wataalamu wa Umoja wa Mataifa, jambo ambalo Kigali inalikana.

Kuna la aibu pia, na sitaki liachwe kwa sababu ni letu. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi cha Watanzania 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono. Askari mwenye kofia ya bluu bado ni mwanamume mwenye bunduki na chakula katikati ya watu wasio na vyote viwili.

Na Burundi 2015?

Desemba 2015, Burundi ikiwa kwenye machafuko, Umoja wa Afrika ulipitisha kupeleka askari 5,000, hata bila ridhaa ya serikali ya Bujumbura. Burundi ikasema watakaokuja watahesabiwa wavamizi. Januari 2016 marais wakakutana Addis Ababa na kuliweka jambo kando. Ibara ya 4(h) ikarudi kabatini. Watu hapa waligawanyika: Warundi wengi waliokuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu walitaka askari waende, wavuvi wa Kagunga, kijiji chetu cha mpakani, walisema vita vikianza rasmi mabomu yataangukia mitumbwi yao. Sikuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Wakimbizi wote ni zao la majeshi ya kigeni?

Hapana. Warundi wa 1972, waliopelekwa Ulyankulu kule Tabora na Katumba na Mishamo, walikimbia serikali yao wenyewe. Takriban 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia wetu mwaka 2014. Lakini Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, kipindi kile kile Zaire ilipoingiliwa. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ana watoto, humo humo. Wenyeji wa jirani wanalalamika kuni zimeisha na mashamba yanaibwa, wakimbizi wanalalamika hawaruhusiwi kutoka. Kwenye meza walipokaa wakubwa waliopanga vita, hakuna aliyeandika "Kasulu".

Mbona huzungumzii Ukraine?

Sheria ni ile ile. Februari 24, 2022 Urusi ilivuka mpaka bila mlango wowote kati ya ile miwili. Aliyekasirishwa na Iraki 2003 na asikasirishwe na Ukraine, au kinyume chake, hana msimamo, ana timu.

Mzee, meli ya Liemba ilikuwa manowari kweli?

Ilikuwa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915 iwe na mizinga ya kutawala ziwa. Wabelgiji walipokaribia, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nzito. Waingereza waliiopoa 1924 na kuipa jina la Liemba 1927.

Baada ya Mobutu kuanguka ilirudisha makwao wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Zaire. Mei 2015 ikaitwa tena. Kagunga haina barabara, ni mlima na maji, na Warundi zaidi ya 50,000 walikuwa wamejazana ufukweni na kipindupindu kimeingia. Liemba ilitia nanga mbali na fukwe, mitumbwi ikawapeleka, ikawaleta Kigoma mamia kwa mamia, wakalazwa uwanja wa Lake Tanganyika wakisubiri mabasi ya kwenda Nyarugusu. Yule mama wa mawese alishuka bandarini siku mojawapo kuuza. Hakuuza. Aliniambia waliteremka wanawake na sufuria na magodoro, na mtoto mmoja aliyembana kuku kwapani, na kwamba kuku alikuwa hai.